Msizibe kabisa, nawaomba

Jana tena, barazani hapa Malindi, ami mmoja kaniuliza kahawa mkononi: "Hizo taka za nyuklia mkishazifukia si zitachemka mpaka ardhi ipasuke? Si mzibe zege tu, kusitoke hata hewa?" Tangu maneno ya mtambo wa nyuklia wa Uyombo yaanze nalisikia hilo kila wiki, na mimi kazi yangu ndo hiyo, modeli za joto na gesi chini ya ardhi, basi wacha niandike, nikiulizwa tena natuma linki.

Joto kwanza, fasta. Linapungua lenyewe kadri miaka inavoenda, na mwambani linatembea kinyonga: mita 10 kama miaka 3, mita 100 miaka 300 na ushee. Onkalo, kaburi la taka hizo kule Ufini, mita 430 chini, mitungi ya taka inapangwa kwa kuachiana nafasi ili bentonaiti, udongo unaoizunguka, isifike digrii 100. Hapo hesabu na vipimo vinapatana, sina la kuongeza.

Sasa gesi. SI MOSHI, jamani. Wala haiji kwa kuchemka. Mtungi wa chuma ukikaa na maji pasipo oksijeni unaoza taratibu na kutoa haidrojeni, na kazi hiyo inaendelea maelfu ya miaka joto likiwa limeshashuka zamani. Sasa ziba kila kitu uone, presha itapanda mpaka iupasue mwamba uliokuwa unautegemea. Biriani ya dam mnaijua, mfuniko umezibwa unga, mvuke ukizidi unajitoboleamo kitundu. Tofauti ni kwamba unga ukishakauka haujirudi, bentonaiti ikipata maji inafura inaziba tena, ndo maana tunaipenda.

Ila hapo kwenye kitundu ndo nalala macho. Modeli zetu nyingi zinachukulia gesi inayasukuma maji matunduni sawasawa kama mchele unavonyonya supu, kumbe maabara inatuonyesha inajipasulia vinjia vyembamba, leo presha hii, kesho ile, na udongo ni uleule. Mimi mwenyewe nishawahi kuzungusha namba mpaka mstari ukalala juu ya vipimo, bosi akafurahi, lakini kufuatisha kilichokwisha kutokea si kutabiri, nilijua na nikanyamaza.

"Kwa hiyo mwaacha tundu makusudi?" ami kauliza. Si tundu, ami. Waswisi wamejaribu kizibo kule Grimsel, maabara yao ya chini ya mlima, mchanga asilimia 80 kwa bentonaiti 20, gesi ipenye mapema kabla presha haijapanda, maji yazidi kukwama.