Kiashiria cha uhai: maana yake na kile ambacho hakithibitishi

Kiashiria cha uhai ni kitu chochote kinachoweza kupimwa, kiwe gesi, madini, umbo au mpangilio wa molekuli, ambacho viumbe hai huweza kukizalisha na ambacho si rahisi kutokea pasipo uhai. Maana ni hiyo tu, na msomaji akiishika vema sehemu yake ya pili hatakuwa na haja kubwa ya maelezo mengine. Bahati mbaya, sehemu hiyo ya pili ndiyo huachwa kila zinapotangazwa habari za Mirihi au za sayari zinazozunguka nyota za mbali, na istilahi yenyewe hutumiwa kana kwamba ni jina jingine la uhai. Taarifa ya kupatikana kwa kiashiria husomwa kuwa ni taarifa ya kupatikana kwa uhai. Miezi michache baadaye, watafiti wengine wanapotoa maelezo tofauti ya kile kilichoonekana, wasomaji hao hao hulalamika kwamba wanasayansi wamekana kauli yao, ilhali kauli hiyo hawakuitoa kamwe. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, lakini aliyetunga methali hiyo hakusema kwamba kila wingu litanyesha.

Istilahi hii huchanganywa kwanza na sifa ya mahali kukalika. Kwamba sayari iko katika umbali kutoka kwa nyota yake unaoruhusu maji kuwa kimiminika, au kwamba mwezi fulani una bahari chini ya barafu, ni habari ya mazingira. Haisemi lolote kuhusu kuwapo kwa mkaazi. Chombo cha Cassini kilipita katika mvuke na chembe za barafu zinazorushwa angani kutoka Enceladus, mwezi wa Zohali, na uchambuzi wa vipimo vyake uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha hidrojeni, kisha ule wa mwaka 2023 ukaonyesha fosfati. Hapa duniani kuna vijiumbe vinavyojipatia nishati kutokana na hidrojeni, na hakuna kiumbe tunachokijua kinachoishi bila fosforasi. Hata hivyo, hivyo ni vyakula na malighafi. Na kwa kweli hidrojeni nyingi isiyotumika inaweza kusomwa kinyume kabisa, yaani kwamba huenda hakuna wa kuitumia. Vivyo hivyo, chombo cha Europa Clipper, kilichorushwa tarehe 14 Oktoba 2024 kuelekea Mshtarii, kimepewa kazi ya kuchunguza iwapo mwezi wa Europa una mazingira yanayofaa uhai. Kukisubiri kilete jibu la kuwapo kwa uhai wenyewe ni kukidai deni ambalo hakikukopa.

Mchanganyiko wa pili unaudhi zaidi, kwa sababu hata watu waliosoma kemia ya sekondari huingia humo. Ni ule wa kudhani kwamba molekuli za oganiki zimetokana na viumbe hai. Jina hilo lilitolewa zamani, wakati wataalamu wengi walipoamini kwamba molekuli hizo haziwezi kutengenezwa ila ndani ya kiumbe, na jina likabaki hata baada ya Friedrich Wöhler, mwaka 1828, kutengeneza urea maabara bila mnyama wala figo. Leo kemia ya oganiki ni kemia ya kaboni, basi. Kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 kilikutwa na aina nyingi za asidi amino, zikiwamo ambazo viumbe vya duniani havizitumii kujenga protini. Sampuli za asteroidi Bennu, zilizoletwa duniani na chombo cha OSIRIS-REx mwezi Septemba 2023, zimekutwa na asidi amino 14 kati ya zile 20 zinazojenga protini zetu, pamoja na besi zote tano zinazotumika katika DNA na RNA. Hakuna mtafiti hata mmoja katika kazi hiyo aliyesema kwamba Bennu ina uhai. Walichosema ni kwamba vitu hivyo hujitengeneza angani vyenyewe, jambo ambalo, likitafakariwa, linaviondolea hadhi ya kuwa ushahidi badala ya kuviongezea.

Kuna kipengele kimoja ambacho kingebadili hesabu hiyo. Asidi amino nyingi huwa na maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na viumbe hai hutumia karibu pekee yale ya kushoto kujenga protini, ilhali kemia ya kawaida huyatoa yote mawili kwa kiasi kinacholingana. Asidi amino za Bennu zilikutwa karibu nusu kwa nusu. Kama zingekutwa za upande mmoja tupu, hapo ndipo mtu angekuwa na haki ya kutamka neno kiashiria, na hata hapo kwa tahadhari, maana vimondo vichache, kikiwamo cha Murchison, vina ziada ndogo ya upande wa kushoto isiyohusishwa na kiumbe chochote.

Mfano huo unaonyesha kwamba kitu hakiwi kiashiria kwa asili yake, bali kwa uhusiano wake na mazingira kilimokutwa. Jambo hili lilielezwa vizuri mapema sana na mwanasayansi Mwingereza James Lovelock, ambaye katika miaka ya 1960 alishirikiana na NASA katika mipango ya kutafuta uhai kwenye Mirihi. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna haja ya kumtafuta kiumbe mwenyewe. Itazamwe angahewa, na iulizwe kama gesi zake zimekaa pamoja kwa namna ambayo kemia pekee isingeruhusu. Oksijeni na methani huharibiana. Zikionekana pamoja kwa wingi katika angahewa moja, ni lazima kuwe na kitu kinachoziongeza bila kukoma, na duniani kitu hicho ni viumbe hai. Chombo cha Galileo kilipoipita Dunia mwezi Desemba 1990 kikiwa njiani kwenda Mshtarii, Carl Sagan na wenzake walivitumia vipimo vyake kana kwamba Dunia ni sayari ngeni, na katika makala yao ya mwaka 1993 walitaja oksijeni nyingi, methani isiyotarajiwa kuwapo pamoja nayo, rangi ya ardhini inayofyonza mwanga mwekundu isiyoelezeka kwa madini ya kawaida, na mawimbi ya redio. Hawakuegemea kimoja peke yake. Waliviweka vyote pamoja.

Oksijeni ikitengwa peke yake hupoteza nguvu nyingi za ushahidi. Miale ya urujuanimno ya nyota inaweza kupasua mvuke wa maji, hidrojeni ikatorokea angani na oksijeni ikabaki, na sayari iliyokufa ikaonekana kama bustani. Kinyume chake pia ni kweli: Dunia ilikuwa na vijiumbe kwa zaidi ya miaka bilioni moja kabla oksijeni haijaanza kulundikana angani yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, kwa hiyo mtazamaji wa mbali ambaye angeitafuta oksijeni tu wakati huo angeondoka akisema hapana kitu.

Tofauti ambayo hupotea kabisa katika vichwa vya habari ni kati ya maswali mawili: je, kitu kilichodaiwa kuonekana kipo kweli? Na kama kipo, je, kimefanywa na uhai? Uhakika wa jibu la kwanza hauhami kwenda kwenye la pili. Mwezi Aprili 2025 kundi la watafiti likiongozwa na Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge lilitangaza kwamba darubini ya James Webb imeona katika angahewa ya sayari K2-18b, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 124, dalili za gesi ya dimethili salfaidi au ndugu yake wa karibu, ambazo duniani hutoka hasa kwa viumbe wadogo wa baharini. Kiwango cha uhakika kilichotajwa kilikuwa sigma 3, na hesabu yake ilisambaa kama asilimia 99.7. Wengi wakaichukua namba hiyo kuwa uwezekano wa sayari ile kuwa na uhai.

Haiwi hivyo hata kidogo. Sigma 3 inasema kwamba, kama gesi hizo zisingekuwapo, mitetemo ya bahati nasibu katika data ingeweza kuleta ishara yenye nguvu kiasi kile takriban mara 3 katika 1,000. Ni kauli juu ya kelele za vipimo, tena kwa sharti kwamba namna ya kuzichambua data ilikuwa sahihi, na wachambuzi wengine waliozipitia data hizo hizo kwa njia tofauti hawakuona ushahidi wa kutosha wa gesi yenyewe. Hata kama swali hilo la kwanza lingefungwa kesho kwa sigma 5, ambayo ndiyo kawaida huhitajika kabla ya kuita jambo ugunduzi, la pili lingekuwa halijaguswa, kwa kuwa dimethili salfaidi imekwisha kuonekana pia katika data za kimondo-mkia 67P, mahali ambapo hakuna anayedai pana bahari wala viumbe. Namba moja haiwezi kujibu maswali mawili.

Madai ya zamani yakipangwa kwa tofauti hii hueleweka kwa urahisi. Fosfini ya Zuhura, gesi ambayo duniani huhusishwa na viumbe hai, iliyotangazwa Septemba 2020 na kundi la Jane Greaves, ilikwama kwenye swali la kwanza: data za darubini ya ALMA ziliposawazishwa upya, kiasi kilichodaiwa kilishuka sana, na mabishano kuhusu kuwapo kwake yakaendelea. Kimondo ALH84001 kutoka Mirihi, kilichookotwa Antaktika mwaka 1984, kilikwama kwenye la pili. Mwaka 1996 David McKay na wenzake walieleza kwamba kina vinundu vya kabonati, chembe za magnetaiti, molekuli za oganiki na maumbo madogo yaliyofanana na bakteria, na Rais Bill Clinton akalizungumzia jambo hilo hadharani. Vitu hivyo vilikuwamo kweli na bado vimo. Kilichoanguka ni tafsiri, kwa sababu kimoja baada ya kingine kilipatiwa njia ya kutokea bila uhai. Huwa nashangaa kusikia kisa hicho kikisimuliwa kama aibu. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya mijadala iliyoifaa zaidi taaluma ya astrobiolojia, yaani utafiti wa uhai nje ya Dunia, maana ilimlazimisha kila mtu aseme waziwazi ni ushahidi wa namna gani angeukubali.

Vyombo vya Viking vilivyotua Mirihi mwaka 1976 viliyagusa maswali yote mawili. Jaribio moja, lililobuniwa na Gilbert Levin, lilimwagia udongo lishe yenye kaboni mnururifu, na gesi yenye kaboni hiyo ikatoka kama ambavyo ingetoka kama kuna kiumbe kinachokula. Kifaa kingine hakikuona molekuli za oganiki za kutosha kumjenga mlaji huyo. Wengi wakahitimisha kwamba ni kemia ya udongo, na mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilipokuta katika udongo wa Mirihi chumvi za pekloreti, ambazo zikipigwa na mionzi huweza kuzaa kemikali za kuivunja lishe kama ile bila kiumbe, hitimisho hilo likapata sababu ya kueleweka, japokuwa Levin aliendelea kulipinga.

Kutokana na historia hiyo, watafiti wa NASA walipendekeza mwaka 2021 ngazi 7 za kupimia madai ya namna hii, ya kwanza ikiwa ni kuonekana kwa ishara tu, ya pili kuhakikisha kwamba si uchafu uliobebwa kutoka duniani, na ya nne kuondoa kila chanzo kinachojulikana kisicho cha uhai. Pendekezo hilo lina faida moja kubwa, nayo ni kwamba linampa mzungumzaji mahali pa kusimama katikati ya ndiyo na hapana.

Jiwe lililopewa jina la Cheyava Falls liko mahali hapo. Roboti ya Perseverance ililikuta Julai 2024 katika bonde la kale la mto lililokuwa likiingiza maji katika kreta ya Jezero, likiwa na madoa yenye kingo nyeusi yaliyofananishwa na ya chui. Makala iliyochapishwa Septemba 2025 ilieleza kwamba madoa hayo yana madini yanayoelekea kuwa vivianaiti na greigaiti, ambayo duniani mara nyingi hutokea katika matope ambamo vijiumbe hutumia chuma na salfeti kujipatia nishati. Njia zisizo za uhai hazijaondolewa zote. Watafiti walichagua maneno yao: waliliita jambo hilo kiashiria cha uhai kinachowezekana, na neno la mwisho hapo halikuwekwa kwa adabu wala woga, bali ndilo linalotaja ni ngazi gani ambayo haijafikiwa.

Kwa hiyo anayesema kwamba Perseverance imepata kiashiria cha uhai Mirihi hajakosea sana. Amedondosha neno moja. Anayesema imepata uhai wa kale ameruka ngazi ambazo hakuna aliyezipanda. Ingetosha kusema kwamba roboti imekuta madini ambayo huenda yalifanywa na vijiumbe, kwamba kemia ya kawaida bado haijaondolewa katika orodha ya watuhumiwa, na kwamba sampuli iliyochimbwa katika jiwe hilo, inayoitwa Sapphire Canyon, ingali ndani ya mrija wake kule kule Mirihi, ambako hakuna maabara ya kuifungulia.