Paipu ya kupozea oili ya gia ikivuja: tunayodanganyana na ukweli wenyewe

Naandika hii kwa wenye pikapu za zamani za gia otomatiki, maana kila nikiona giaboksi imeshushwa klachi zake zimeungua naumia, na nyingi zilianza na tone tu chini ya gari, mwenyewe akaambiwa sio kitu.

Tuelewane kwanza. Kutoka kwenye giaboksi kuna paipu mbili zinapita ubavuni mwa injini hadi kwenye rejeta, moja inapeleka oili ya moto, nyingine inarudisha iliyopoa. Kwenye gari za zamani nyingi ni za chuma, na mahali fulani kuna kipande cha mpira kilichobanwa kwa pete. Zinapenda kuvujia pale kwenye pete, kwenye fitingi ya rejeta, na pale paipu inaposhikiliwa na kishikizo, maana tope na maji yanakaa humo na kutu inakula taratibu.

Dhana ya kwanza, "inavuja kidogo, nitakuwa naongezea tu." Hapana. Injini ikiwa inawaka oili inazunguka humo muda wote, lita kadhaa kwa dakika, kwa hiyo katundu ka leo kakipasuka ukiwa njiani giaboksi inaweza kukauka ndani ya dakika chache na klachi zinaanza kuteleza na kuungua hapo hapo. Halafu kuna hili watu hawalisemi kabisa: oili ya gia inawaka, ikirukia ekzosi iliyopata moto gari linaweza kuungua.

Sasa hii ndo inaniuma zaidi: "kata kipande kibovu, vesha mpira wa petroli, piga klipu mbili, twende." Mpira wa petroli haukutengenezwa kwa joto la oili ya gia, ambayo kwa kawaida inakuwa kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi za sentigredi na ukibeba mzigo ukapanda mlima inapita 100 bila shida. Ukiufungua baada ya muda unakuta umekakamaa, ukiupinda unaona nyufa, na chini ya klipu umeshaanza kulowa. Mpira wa kazi hii una maandishi SAE J1532 yamechapwa ubavuni, usipoyaona usinunue. Na hata ukiwa na mpira sahihi, ncha ya paipu iliyokatwa kwa msumeno ni laini, mpira unaweza kuchomoka kwa presha, hasa asubuhi oili ikiwa baridi na nzito, ndo maana ncha inatakiwa itanuliwe kidogo iwe na katuta ka kuushikilia.

Halafu jiulize kwa nini paipu imetoboka hapo. Kuna moja niliikwaruza kutu kwa bisibisi karibu na kishikizo, wala sikutumia nguvu, bisibisi ikazama ndani, na pale palikuwa pakavu kabisa! Tone lenyewe lilikuwa linadondokea nyuma huko kwa sababu upepo wa mwendo unaisukuma oili. Kwa hiyo futa paipu nzima, washa gari, fuata unyevu hadi unapoanzia, na ukikuta kutu imekula sehemu kadhaa badilisha yote, usiunge unge. Chuma kipya ni sawa, mchanganyiko wa shaba na nikeli ni mzuri zaidi, unakunjika kirahisi na haushiki kutu. Shaba tupu ambayo wengine wanaisifia, hiyo iache, mtikisiko unaikakamaza mpaka inapasuka.

"Weka dawa ya kuziba." Dawa hizo zinavimbisha sili za mpira, chuma kilichotoboka hakivimbi.

"Unganisha paipu mbili zenyewe kwa zenyewe, rejeta uiruke." Konvata, ile inayopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa oili, ndo inayozalisha joto jingi, ukiiondolea kipozeo oili inapikika. Labda kulisogeza gari pembeni ya barabara, basi.

"Fitingi inavuja, ikaze zaidi." Hapa watu wanavunja rejeta, hasa zenye tanki la plastiki. Shikilia fitingi ya rejeta kwa spana moja, zungusha nati kwa nyingine, na tumia ile spana ya nati za paipu za breki isije ikala kona. Kama ni ya kuchomeka yenye oringi (kapete ka mpira ka kuziba), kukaza hakuna maana, badilisha oringi.

"Oili nyekundu zote ni moja." Sio kweli, Type F na Dexron ni aina mbili za oili ya gia na msuguano wake ni tofauti, soma kitabu cha gari au kijiti cha kupimia.

Na ukifungua rejeta ukakuta maji yamekuwa kama maziwa ya rangi ya waridi, hilo sio la paipu, kipozeo cha ndani ya rejeta kimetoboka. Usiliendeshe, maji yakiingia kwenye giaboksi yanabandua bitana za klachi.

Ukimaliza kufunga, washa, kanyaga breki, pitisha gia zote ukisubiri kidogo kila moja, rudi P, kisha pima oili ikiwa ya moto. Nyingi zinapimwa injini ikiwaka lakini sio zote, kitabu kitakwambia, na usizidishe maana inatoa povu. Zunguka nalo dakika 15, halafu laza kadibodi safi chini yake usiku kucha, asubuhi iangalie kabla hujaligusa gari.