Lehemu ya fedha haing'arishi sauti

Wenye amplifaya wana ombi lisiloisha: "Fundi, ng'oa lehemu yote, weka ya fedha, muziki ufunguke." Nasema lehemu makusudi, yaani ile inayoyeyushwa kuunganisha vipuri kwenye bodi. Vijiweni huitwa risasi, lakini risasi ni madini mojawapo tu yaliyomo ndani yake.

Dhana: Lehemu ya fedha husafisha sauti

Hiyo inayoitwa ya fedha kwa kawaida ina fedha asilimia 2 hadi 4. Iliyobaki sehemu kubwa ni bati, na nyingine ni risasi, au shaba kidogo. Tena miguu ya resista na transista imepakwa bati tangu kiwandani, kwa hiyo umeme unapita kwenye bati utake usitake.

Tupige hesabu. Umeme ukipita milimita 1 ya lehemu ya 60/40 (bati asilimia 60, risasi 40) yenye eneo la milimita 1 ya mraba, unakuta ukinzani wa takriban miliomu (elfu moja za omu) 0.15. Ukiweka SAC305, lehemu isiyo na risasi yenye fedha asilimia 3, unakuta kama 0.13. Sasa tazama waya wa spika wa shaba, milimita 0.75 za mraba, urefu mita 5: kwenda na kurudi ni miliomu 230 hivi. Ukikata nusu sentimita tu ya waya huo, umepunguza ukinzani zaidi ya mara kumi ya ulivyopunguza kwa kubadili lehemu ya kiungio kimoja. Hakuna sikio linalosikia hilo.

"Mbona yangu ilibadilika kweli?" Inawezekana kabisa, ila sababu ni nyingine. Kiungio cha zamani kilikuwa kimepasuka. Angalia kwa lenzi miguu ya transista za kutoa nguvu, kapasita kubwa na soketi za spika: vitu vizito, au vinavyopata moto na kupoa kila siku. Utaona mstari mwembamba wa duara kuuzunguka mguu. Hapo ndipo mikwaruzo na kukatikakatika kunakotoka, na lehemu yoyote mpya ingeponya.

Hasara yake sasa. SAC305 huyeyuka kwenye nyuzi 217 hadi 220 za Selsiasi, 63/37 kwenye 183. Ukichoma viungio mia mbili vizima kwa moto mkali zaidi, pedi (vile vipande vya shaba vinavyoshika miguu) zinabanduka na bodi inaharibika bila kosa lake. Chapa upya, yaani weka lehemu mpya, vile tu vilivyopasuka.

Fedha ina kazi yake. Osiloskopu (vifaa vya kuonyesha mawimbi ya umeme) za zamani za Tektronix zina vishikizo vya kauri vilivyopakwa fedha, na lehemu ya kawaida huilamba fedha hiyo mpaka kishikizo kikaachia. Hapo itumie. Kazi hiyo haihusiani na sauti.

Dhana: Kiungio kisichong'aa ni kibovu

Kwa lehemu yenye risasi, mara nyingi ndiyo: kilitikiswa kikipoa. Lehemu isiyo na risasi, iliyoenea baada ya sheria ya Umoja wa Ulaya kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2006, huwa na ukungu hata ikiwa nzima. Tazama kama imeshika mguu na pedi pande zote.

Dhana: Lehemu nyingi, kiungio imara

Hapana. Tone nene linaficha mguu ambao haukushika. Umbo la mguu lionekane chini ya lehemu.

Dhana: Moshi ule ni risasi

Ni fluksi, dawa ya kusaidia lehemu ishike, na inawasha mapafu, kwa hiyo fungua dirisha. Risasi huingia kwa mikono: nawa kabla ya kula.

Kuchapa upya inavyotakiwa

Zima na chomoa umeme. Toa chaji ya kila kapasita kubwa kwa resista ya kilo-omu 1, wati 5, ukiishikilia dakika nzima, kisha hakikisha kwa mita. Nyonya lehemu ya zamani yote, usichanganye ya risasi na isiyo na risasi. Tumia 63/37 ya milimita 0.8 yenye fluksi ya ulimbo ndani. Fluksi ya tindikali ya mafundi bomba isikaribie bodi, itaila shaba taratibu. Weka nyuzi 330 hadi 350, gusisha ncha kwenye mguu na pedi kwa pamoja, lisha lehemu upande wa pili, toka ndani ya sekunde 3. Usitikise mpaka igande.