Jasho lililodondoka halipozi mwili: Mombasa 2007

Nikikaa na makocha, mazungumzo yakifika kwenye ubingwa wa dunia wa mbio za nyika, hapakosi mtu wa kuuliza: Kenenisa Bekele alipatwa na nini Mombasa? Muhabeshi yule alikuwa hajashindwa mbio za nyika tangu Desemba 2001. Kuanzia 2002 hadi 2006 alichukua kila mwaka dhahabu ya mbio ndefu na ya mbio fupi. Kisha tarehe 24 Machi 2007, katika mzunguko wa mwisho, akasimama. Mimi kazi yangu ni fiziolojia ya mazoezi, na nimezaliwa Mombasa, kwa hiyo swali hili nalichukulia kama la nyumbani.

Kwanza mahali penyewe. Mbio zilifanyika kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari, upande wa Mama Ngina, penye mibuyu. Nilikuwa nimesimama kwenye kamba, watu wamebanana bega kwa bega. Machi kwetu ni tangambili: kaskazi imekata, kusi haijaanza, masika yako njiani na hewa imesimama. Ukianika nguo kivulini asubuhi, alasiri ukiigusa bado ina unyevu. Shika hilo la nguo, maana ndilo jibu lenyewe.

Sasa tupige hesabu. Chukua mwanariadha wa kilo 55. Kukimbia kunatumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Wanaume watu wazima walikimbia kilomita 12, kwa hiyo ni kama kilokalori 660. Misuli haigeuzi nguvu yote hiyo kuwa mwendo. Robo tatu hivi hutoka kama joto tupu, yaani karibu kilokalori 500, ndani ya dakika 36 hivi. Joto hilo lote likibaki ndani, mwili ungepanda nyuzi 11. Hakuna anayefika huko akiwa hai. Akikaribia nyuzi 40 tu ubongo huanza kukaza breki, apende asipende.

Joto hilo lazima litoke. Mahali penye baridi, kama Ulaya mwezi Machi, upepo unalibeba kirahisi. Mombasa hewa inakaribia joto la ngozi yenyewe, kwa hiyo karibu mlango pekee uliobaki ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kilokalori zipatazo 580. Mkimbiaji wetu anahitaji kukausha karibu lita moja chini ya dakika 40. Neno ni kukausha, si kutoa. Hewa iliyoshiba maji haipokei mvuke mwingine. Alipita mmoja mbele yangu, jasho linamtiririka kiwikoni kama bomba lisilofungwa vizuri, fulana imemganda mbavuni. Kila tone lililoanguka kwenye nyasi lilikuwa limetoka damuni, na halikumpoza hata kidogo.

Damu nayo ikipungua maji, moyo unapata taabu mara mbili. Misuli inataka damu ikimbie, ngozi inataka damu ijipoze, na iliyopo haitoshi wote wawili. Hapo ndipo unaona mtu aliyekuwa anaelea ghafla anakanyaga kama aliyevaa gamubuti.

Wengi hujibu kwamba Bekele ni mtu wa milimani, pwani haikumfaa. Jibu hilo silikubali. Aliyeshinda, Zersenay Tadese, ni Mueritrea, na Asmara iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Moses Mosop na Bernard Kipyego waliomfuata ni watoto wa Bonde la Ufa. Lornah Kiplagat, aliyeishindia Uholanzi mbio za wanawake mbele ya Tirunesh Dibaba, kambi yake iko Iten. Wote wameshuka kutoka juu.

Ninavyoona mimi, kilichoamua ni namna ya kutumia joto, kama mtu anayetumia akiba. Ukichomoka kwa kasi, unazalisha joto kwa mkupuo kuliko ngozi inavyoweza kulitoa, na deni hilo halilipiki ukiwa bado unakimbia. Silaha ya Bekele ilikuwa huko kuchomoka. Zersenay, aliyewahi kuwa mwendesha baiskeli, alikimbia kwa mwendo mmoja mzito usiobadilika, akamfikia, akampita. Katika hali ya hewa ile mwendo wake ulikuwa na hesabu nzuri zaidi. Hakuna aibu yoyote kwa Bekele. Mwaka uliofuata, kule Edinburgh, alirudi akachukua taji lake la sita la mbio ndefu.

Jambo ninalowasihi makocha wa bara ni moja: msimlete mtoto Ijumaa akakimbia Jumamosi. Nimewahi kumshika binti aliyeletwa hivyo. Alifika kilomita ya tano ngozi imemsisimka kama aliyepigwa na baridi, akasema anahisi baridi, saa nane mchana, Mombasa! Hiyo ni hatari kubwa. Tulimmwagia maji ya barafu na kumpepea kwanza, habari ya gari baadaye. Alipona.

Mwili unajifunza joto kwa siku 10 hadi 14. Maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema, na chumvi inayopotea inapungua. Asiyeweza kushuka mapema anaweza kuanza hukohuko juu kwa kuoga maji ya moto kila baada ya mazoezi, akae humo nusu saa, siku sita au zaidi, pakiwa na mtu wa kumwangalia.

Mimi hutumia mizani ya kawaida. Kijana mmoja kutoka Nandi nilimpima kabla na baada ya dakika 40 za mwendo uleule, saa ileile. Siku ya kwanza alipungua gramu 900 na mapigo yake yalikuwa 184. Siku ya kumi na mbili alipungua kilo 1 na gramu 200, mapigo 169. Akaniangalia kwa wasiwasi, anadhani kutoa jasho zaidi ni kurudi nyuma. Nikamwonyesha fulana yake: siku ya kwanza ililowa kifuani tu, sasa imelowa mpaka kwenye pindo, yaani jasho limepata mahali pengi zaidi pa kukaukia.