Mayai Hayasahihishi Jeni ya Selimundu

Katika kliniki ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, haipiti wiki bila mimi kukutana na mzazi anayenieleza kwamba, tangu mtoto wake agundulike kuwa na ugonjwa huu, amekuwa akimlisha mayai na maini kila siku, kwa sababu aliambiwa kuwa hemoglobini, ile inayobeba oksijeni katika seli nyekundu za damu, ni protini na kwamba protini mbovu huponywa kwa kula protini nzuri. Wengine hununua unga wa protini wa makopo kwa fedha ambazo zingetosha dawa za miezi kadhaa. Dhana hii inanisikitisha kuliko zote, kwani mtoto anapopatwa na maumivu makali mama hujilaumu, akidhani kwamba hakumlisha vya kutosha.

Protini ya yai haiingii katika damu ikiwa protini ya yai. Tumbo na utumbo huifungua kama mtu afunguaye mkufu wa shanga, na kinachosafiri mwilini ni shanga moja moja, yaani asidi amino, ambazo hazina kumbukumbu ya mkufu zilikotoka. Jeni ndiyo inayoamua zitungwe upya kwa mpangilio gani. Katika seli changa za uboho, jeni ya beta-globini, iliyoko kwenye kromosomu ya 11, hunakiliwa kuwa RNA mjumbe. Nakala hiyo hutoka nje ya kiini cha seli, mahali jeni zinapokaa, nayo ribosomu, mtambo mdogo wa seli unaotunga protini, huisoma herufi tatu tatu, kila tatu zikiita asidi amino moja, mpaka mnyororo wa asidi amino 146 ukamilike. Kwa mwenye selimundu, mahali ambapo jeni ya kawaida ina herufi GAG, yake ina GTG, na ribosomu, ambayo kazi yake ni kusoma wala si kusahihisha, huweka valini katika nafasi ya sita badala ya asidi ya glutamiki. Mwaka 1957 mwanasayansi Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionyesha kwamba tofauti ni asidi amino hiyo moja tu. Valini hiyo ndiyo inayofanya hemoglobini, ikishaachia oksijeni, inatane na kuwa nyuzi ngumu zinazoikunja seli mfano wa mundu.

Kwa hiyo mtoto huyu hajapungukiwa shanga. Anazo za kila aina, na ukimwongezea mayai kumi, mtungaji atazitunga kwa kielelezo kile kile chenye kosa. Chakula kina kazi yake: seli zake nyekundu huishi takriban siku 10 hadi 20 badala ya 120, uboho haupumziki, na ndiyo sababu tunampa asidi ya foliki na kuhimiza mlo wa kawaida wa familia wenye mboga na maharage. Fedha ya makopo, hata hivyo, ningependa inunue chupa ya maji ya kwenda nayo shuleni, kwa kuwa mwili ukipungukiwa maji hemoglobini hunatana zaidi, na kwa mtoto mdogo ihakikishe kwamba penisilini yake ya kila siku haikosekani.

Wanaoamini kuwa damu ya kuongezewa hubadilisha jeni wajue kwamba seli nyekundu zilizokomaa hazina kiini, na zitakwisha ndani ya miezi michache huku uboho wa mtoto ukiendelea kutengeneza zake. Dawa ya haidroksiyurea nayo haifuti kosa, bali huongeza hemoglobini ya kijusi, ile iliyomlinda mtoto katika miezi yake ya kwanza. Hata tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 hufuata njia hiyo hiyo na kuiacha GTG mahali pake.

Wapo pia wazazi, wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja ya jeni yenye kosa bila kuugua, wanaosema kwamba robo yao, yaani uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kupata mtoto mgonjwa, imekwisha kwa sababu wamekwisha kuzaa mtoto mmoja mgonjwa. Robo hiyo huhesabiwa upya kwa kila mimba, na nimewahi kuwapokea wazazi waliofuata hesabu yao wenyewe wakiwa wamembeba mgonjwa wa pili.