Sungura wa Hadithi si Mweupe

Mvua ikigoma kukatika, watoto wa hapa nyumbani Tukuyu hunizunguka mezani niwachoree picha ya hadithi, wao waipake rangi. Juzi ilikuwa ile ya sungura na kisima. Ubishi ulikuwa hivi.

Dhana: Sungura ni mweupe, macho mekundu.
Huyo ni wa bandani, ambaye ukoo wake ulitoka Ulaya. Sungura wa ngano zetu ni yule anayekatiza shambani jioni: manyoya ya kahawia yaliyochanganyika na kijivu, tumbo jeupe, mkia mweusi juu na mweupe chini. Tumewapa wote wawili jina moja, ndiyo maana tunawachanganya. Vuta mistari mifupi ya kahawia kuelekea mkiani, kisha pitisha nyeusi kwa mkono mwepesi mno, na uache karatasi ichungulie hapa na pale. Penseli nyeusi ukiilegeza inatoa kijivu, kwa hiyo usihangaike kama boksi lako la penseli 12 halina rangi hiyo.

Dhana: Nyasi ni kijani, basi.
Hapa ndipo ninapobishana nao zaidi. Wanyama walichimba kisima kwa sababu ya ukame. Ukame gani huo wenye nyasi mbichi? Mtoto wa Tukuyu simlaumu. Migomba na chai ni kijani kila akitazama. Lakini shuka Usangu, au nenda upande wa Ruaha kule Iringa mwezi wa Septemba: nyasi ni manjano iliyopauka, na mibuyu ya Ruaha imesimama mitupu, magome yake kijivu. Basi tandaza manjano kote, kahawia kwenye mashina, na kijani ibakize ukingoni mwa kisima tu. Jicho litakwenda lenyewe penye maji.

Dhana: Fisi ni mweusi kwa kuwa ni mbaya.
Fisi madoa ana mwili wa kahawia hafifu unaokaribia manjano, na madoa yaliyokoza. Anayezaliwa na manyoya meusi ni mtoto wake. Madoa hujitokeza akikua. Halafu, katika hadithi hii mwizi wa maji ni nani kama si sungura?

Kobe aliyemnasa sungura huyo kwa ulimbo aliojipaka mgongoni naye walimpaka kijani, kama kasa wa katuni. Kobe wa porini kwetu gamba lake ni la manjano lenye mabaka meusi.

Dhana: Penseli ya waridi ndiyo "rangi ya ngozi".
Ngozi ya nani? Weka mkono wako kando ya karatasi uangalie. Anza na chungwa hafifu, ifuate kahawia, kisha nyekundu kidogo mashavuni. Rangi nyepesi hutangulia kwa sababu penseli haifuniki kabisa kilicho chini yake. Ukianza na nzito, hutaweza tena kuing'arisha.

Dhana: Usiku ni mweusi.
Bluu, zambarau juu yake, na mwezi uache karatasi tupu.

Dhana: Rangi isiyo ya kweli ni kosa.
Wakati nikihubiri yote haya, binti wa dada yangu, miaka 6, alikuwa keshampaka fisi wake kijani kibichi.

"Amevaa koti la mvua, mama mdogo."

Nikamwuliza, koti la mvua kwenye ukame la nini?

"Ametokea Tukuyu."