Bendera hufuata upepo, gesi mjini haifuati

Dhana iliyoenea kuliko zote ni hii: ukijua upepo unaelekea wapi, umejua gesi iliyovuja itafika wapi. Kwenye uwanda wa wazi ni kweli, kwa kiasi. Mjini, upepo unaokatiza juu ya barabara iliyobanwa na majengo marefu hujiviringisha ndani yake kama gurudumu: hushuka kwenye ukuta unaopigwa na upepo, hurudi nyuma ukigusa lami, kisha hupanda kwenye ukuta wa pili. Aliye chini huupokea kutoka upande ulio kinyume na ule wa juu ya mapaa, na gesi hulundikana palepale ambapo angedhani amejikinga. Ndiyo maana mwaka 2003 watafiti waliachia sulfuri heksafloraidi, gesi isiyo na sumu, katikati ya majengo ya Oklahoma City, Marekani, wakaipima mitaani na juu ya mapaa ili wapate vipimo vya kuzijaribia modeli zao, yaani programu za kompyuta zinazokadiria gesi itasambaa wapi.

Wengine hudhani gesi yoyote hupaa ikapotea. Klorini ina uzito wa karibu mara 2.5 ya hewa; hutambaa na kujaa vyumba vya chini ya ardhi. Amonia ndiyo laghai: ni nyepesi kuliko hewa, lakini ikifyatuka kutoka tangi lenye shinikizo hutoka na matone, baridi kali, na wingu lake huweza kutambaa chini vilevile.

Kisha kuna imani juu ya kompyuta yenyewe. Ile ramani ya rangi nyekundu na njano inayochorwa na modeli, ambayo kwa maoni yangu inapendeza kupita kiasi, kwa kawaida huonyesha wastani wa gesi iliyomo hewani. Wingu halisi huja kwa mikupuo, na mkupuo mmoja mkali wa klorini unaweza kudhuru mahali ambapo wastani ni mdogo. Katika fani hii, kukadiria kati ya nusu na mara mbili ya kilichopimwa huhesabiwa kuwa kazi nzuri. Hapo ni pale kiasi kilichovuja kinapojulikana. Kwenye ajali halisi, hicho ndicho kinachokisiwa.

Wala modeli inayochora kila jengo si lazima iwe ndiyo bora. Hesabu zake huweza kuchukua saa nyingi, na zimamoto hawana hata nusu saa. Fomula ya Gauss, hesabu fupi ya mtawanyiko wa gesi isiyojua jengo wala kichochoro, hujibu kwa sekunde. Njia ya katikati ni kufanya hesabu nzito mapema kwa pande mbalimbali za upepo na kuweka majibu akiba. Siku ya ajali huchomolewa lile linalokaribiana na upepo wa saa hiyo.